Shajara ya mashamba matatu: udongo wa Malindi na kilichomo ndani ya mboga

Januari

Swali la mradi ni moja. Mchicha uliooteshwa kwenye ardhi ya mawe karibu na ufuo, mchicha wa mchanga mwekundu wa upande wa Magarini, na mchicha wa tope la mto Sabaki kule Jilore: je, mtoto anayeula anapata kitu kilekile? Kwa macho ni mboga moja. Sokoni fungu ni bei moja, na muuzaji hana haja ya kukwambia limetoka shamba gani. Sisi tunataka kujua kilichomo.

Sisi ni kikundi cha kina mama wakulima wa bustani, vijana wa kuchota maji, na mimi mhudumu wa afya ya jamii ninayepita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 18. Hakuna kaunti iliyotupita. Siwezi kuzisoma tarakimu hizo kama habari za mbali, maana watoto hao nawajua kwa majina.

Udumavu una mizizi mingi: maji machafu, kuhara kusikokwisha, mimba zinazofuatana, umaskini, mama aliyeanza ujauzito mwenyewe hana damu. Siutwishi udongo mzigo wote. Lakini nimeona nyumba ambazo mboga huliwa kila siku na mtoto bado hakui, na ndipo nilipoanza kuuliza mboga yenyewe imekula nini.

Msingi wa kazi nauandika hapa ili atakayesoma baadaye asipotee. Vitamini mmea hujitengenezea wenyewe. Madini hauwezi kuyatengeneza. Zinki, chuma, kalsiamu, magnesiamu, seleni: kila chembe iliyo ndani ya jani imepanda kutoka ardhini kupitia mzizi. Ardhi isipokuwa nayo, au ikiwa nayo lakini imeyashikilia, jani litatoka na upungufu huo na bado likaonekana kijani. Mmea unaweza kuridhika na kiasi cha zinki ambacho kwa mtoto hakitoshi. Seleni na aidini ndiyo kabisa, mazao yetu hustawi bila hayo. Huko Keshan, kaskazini mashariki mwa China, ugonjwa wa moyo ulioripotiwa mwaka 1935 ulikuja kuhusishwa na udongo uliokuwa maskini wa seleni. Mazao yaliota, yakavunwa, yakaliwa, na waliougua zaidi walikuwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa hiyo ukijani wa mboga si ushahidi wa kutosha, na mradi huu umeanzia hapo.

Februari

Mwezi wa kuusoma udongo kabla mvua haijaja. Katika kila shamba tulitembea zigizaga, tukachimba kina cha shibiri moja sehemu mbalimbali, tukachanganya udongo wote pamoja, tukauanika kivulini. Ndoo tuliyotumia ni ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na ukichanganyia udongo humo utapeleka maabara zinki ya ndoo badala ya zinki ya shamba.

Kabla ya maabara tulifanya majaribio ya nyumbani, kwa sababu mwanakikundi anayejionea mwenyewe hahitaji kuaminishwa. Tulimwaga siki kwenye konzi ya udongo wa kila shamba. Udongo wa mawe ulichachatika na kutoa povu mbele ya macho yetu. Mchanga mwekundu ulikaa kimya. Tope la Sabaki lilitoa vitone vichache tu. Povu lile ni hewa inayotoka chokaa inapokutana na asidi, na chokaa ipo kwa sababu ukanda wetu wa ufuo umekaa juu ya matumbawe ya kale. Ndiyo mawe yaleyale yaliyojengewa Gede na nyumba za zamani za mji wa Malindi.

Kipimo cha pH kilisema hivyohivyo kwa tarakimu: shamba la mawe limevuka 8, mchanga mwekundu uko chini kidogo ya 6, tope la mto linakaribia 7. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni upande wa chokaa. Tulitikisa pia udongo na maji ndani ya chupa. Mchanga wa Magarini ulizama papo hapo na kuacha maji karibu safi. Maji ya tope la Jilore yalikuwa bado na ukungu kesho yake asubuhi. Mchanga haushiki maji, na hata chakula cha mmea hauwezi kukishika. Tope hushika vyote viwili.

Machi

Mjadala wa majivu ulichukua mkutano mzima, na ulistahili.

Hapa kwetu majivu ya kuni na ya makumbi humwagwa bustanini karibu kila nyumba. Yanafukuza wadudu, yanalisha mboga, na mama zetu walifanya hivyo. Kwenye mchanga mwekundu ni desturi njema: majivu yana potasiamu na kalsiamu, na hupunguza asidi ya udongo ule. Kwenye udongo wa mawe majivu yaleyale yanaharibu. Ardhi ile ina chokaa kupita haja, na majivu huipandisha pH juu zaidi. Kemia ya udongo iko wazi katika hili: pH ikipanda hatua moja, tuseme kutoka 7 hadi 8, zinki iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo hupungua takriban mara 100, na chuma mara 1000. Madini hayajaondoka. Yamegandana na chembe za udongo, na mzizi hunywa kilichoyeyuka tu. Shamba la mawe ni ghala lililojaa ambalo ufunguo wake umepotea, nasi kila asubuhi tukimwaga majivu tunaongeza kufuli.

Bibi mmoja, mkubwa wetu kikundini, hakukubali upesi. Aliniambia, "Mwanangu, majivu ndiyo yaliyowalea nyinyi." Nikamjibu, "Kweli bibi, ila bustani yako ya zamani ilikuwa ng'ambo ya Sabaki, kwenye mchanga. Hii ya leo iko maweni." Akanyamaza, kisha akawaambia wenzake kwamba kule Magarini mchicha wake haukuwahi kuwa na manjano kama wa huku. Ushahidi wake ulikuwa na uzito kuliko kipimo changu, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha.

Kuna ushauri mwingine unaosikika redioni, wa kutia chokaa shambani. Unafaa kwa wenzetu wa magharibi mwa Kenya ambako mashamba mengi yana asidi kali. Mkulima wa ufuo wa Malindi akiufuata anajiumiza kwa gharama yake mwenyewe. Nashikilia jambo hili kwa nguvu: hakuna dawa moja ya udongo. Kwanza ujue udongo wako ni upi.

Dawa iliyo karibu kuwa ya wote ni samadi na mboji, na hata hiyo kwa sababu tofauti. Kwenye mchanga, vitu vilivyooza hushika maji na madini yasizame mbali na mizizi. Kwenye mawe, vikioza hutoa asidi laini zinazoshika zinki na chuma na kuviacha vikiwa vimeyeyuka, mzizi uvifikie. Kote kuwili hulisha kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zao hutoka kwenye mizizi na kwenda mbali kuliko mzizi unavyofika, zikirudi na fosforasi na zinki. Utafiti wa mashamba ya ngano karibu na msitu wa Munesa nchini Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba palipo na mabaki mengi ya viumbe katika udongo, ngano ilikuwa na zinki na protini zaidi. Huo ni ushahidi kutoka kwa wakulima wadogo kama sisi, ndiyo maana nimeusoma mkutanoni kwa sauti.

Tahadhari moja niliisisitiza. Mbuzi aliyelishwa nyasi za ardhi isiyo na zinki hatoi samadi yenye zinki nyingi. Nchini Zimbabwe watafiti walipata mahindi bora zaidi walipounganisha samadi na mbolea yenye zinki, kuliko kimoja peke yake. Samadi inafungua ghala. Ghala likiwa tupu, lazima kitu kiletwe kutoka nje.

Aprili

Mvua ya masika imeanguka. Tumepanda mchicha, kunde na karanga kwa mbegu za mfuko mmoja katika mashamba yote. Kila shamba limegawanywa: sehemu isiyotiwa kitu, sehemu ya samadi ya mbuzi na mboji, na sehemu ya tatu yenye samadi pamoja na mistari ya mahindi katikati ya karanga na kunde. Linganisho tutakaloliamini zaidi ni la sehemu na sehemu ndani ya shamba moja. Kati ya shamba na shamba mvua haikunyesha sawa, jua si sawa, na mikono iliyopalilia ni tofauti.

Mei, mwanzoni

Dalili zimejitokeza upande wa mawe. Majani machanga ya karanga yamegeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni alama ya kukosa chuma, na huanzia juu kwa sababu chuma kikishakaa kwenye jani la zamani hakihamishiki kwa urahisi. Nitrojeni ikipungua, manjano huanzia majani ya chini. Mkulima akiijua tofauti hii hatapoteza fedha: wengi wakiona manjano yoyote hukimbilia yuria, ambayo ni mbolea ya nitrojeni, na yuria haileti chuma.

Lililotufurahisha ni mistari ya mchanganyiko. Karanga zilizo jirani na mahindi zimebaki kijani kuliko zilizo peke yao, katika udongo uleule. Watafiti wa China waliliona jambo hili kwenye udongo wenye chokaa nyingi na wakalieleza: mizizi ya mahindi, kama ya nafaka nyingine, hutoa kimiminika kinachokamata chuma kilichoganda na kukiyeyusha, na karanga iliyo karibu hufaidika. Mama mwenye shamba aliuliza, "Kwa hiyo mahindi yanazilisha karanga?" Nikamwambia ndivyo, na karanga nazo huacha nitrojeni ardhini.

Kina mama wazee wanasema zamani hawakuwahi kupanda mahindi bila kunde katikati, mpaka walipofundishwa kutenganisha mazao ili shamba lionekane nadhifu. Naamini yule aliyefundisha hivyo alikuwa na nia njema. Lakini katika ardhi ya mawe, utengano ule umetugharimu kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikipima.

Mei, mwishoni

Wiki hii nilitakiwa kuzungumza na wajawazito, na mazungumzo yakaenda kwenye udongo kwa njia ambayo sikuipanga. Mmoja wao alikuwa akitafuna kipande cha udongo wa kichuguu. Hakujificha, na hapa petu hana sababu ya kujificha. Utafiti uliofanywa kwa wajawazito 275 hapa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao hula udongo mara kwa mara, wengi wao kila siku, na kwamba akiba ya chuma mwilini mwao ilikuwa ndogo kuliko ya wasiokula.

Walinisikiliza kwa makini nilipowaeleza. Mwili uliopungukiwa chuma huweza kutamani udongo. Na udongo wenyewe, hasa wa mfinyanzi, ukifika tumboni huweza kushika chuma cha chakula kisiingie mwilini, tena hubeba mayai ya minyoo. Kwa hiyo anayekula udongo ili apate nguvu huenda anazidi kupungukiwa. Madini ya ardhini humfikia binadamu salama yakipitia kwenye mmea au mnyama kwanza.

Niliwasimulia pia habari ya Iran. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa kiume karibu na Shiraz waliokuwa na umri wa watu wazima na miili ya watoto. Walikula mkate usiotiwa chachu, na udongo. Uchunguzi uliofuata, Iran na kisha Misri, ndio uliofanya ulimwengu ukubali kwamba binadamu anaweza kudumaa kwa kukosa zinki. Kabla ya hapo wengi waliamini zinki haiwezi kumpungukia mtu.

Mkate usio na chachu unatuhusu. Pumba za nafaka na ganda la maharagwe zina fitati, kitu kinachoshika zinki na chuma tumboni. Kuumua unga, kuchachisha uji, kuloweka pojo na maharagwe usiku mzima na kumwaga maji yale, vyote hupunguza fitati. Kwa hiyo kati ya udongo na damu ya mtoto kuna milango miwili: mzizi wa mmea na utumbo wa mtoto. Mradi wetu umekuwa ukishughulika na wa kwanza. Nimeomba kikundi tuanze kuuangalia na huu wa pili.

Juni

Sabaki ilijaa na kupungua. Shamba la Jilore lililo bondeni lilipata tope jipya. Mzee wa hapo alilishika, akalikanda kwa vidole, akasema, "Huu ni udongo wa Ukambani." Hakukosea. Mto huu huanza juu, ukiitwa Athi, hupokea maji ya Tsavo na kuwa Galana, na unapoikaribia bahari kaskazini ya Malindi tunauita Sabaki. Tope lake ni ngozi ya juu ya mashamba ya watu wengine.

Historia ya upotevu huo imeandikwa hapahapa baharini. Watafiti walitoboa tumbawe lililoishi takriban miaka 300 katika maji ya Malindi na kupima bariamu katika tabaka zake, kwa kuwa bariamu hufika baharini pamoja na tope la mto. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 walionyesha kwamba kiwango kilikuwa kidogo na tulivu kwa karne mbili, kisha kikaanza kupanda mapema katika karne ya 20, mashamba ya bara yalipopanuliwa na miteremko kulimwa. Yaani tumbawe la Malindi limeweka kumbukumbu ya chakula kinachohama. Tabaka la juu la udongo, lenye mboji na madini yanayofikika, ndilo la kwanza kuondoka mvua inapopiga ardhi tupu. Mama wa Machakos analima kilichobaki. Bahari inapata tope ambalo matumbawe hayalihitaji. Sisi wa bondeni tunaokota kidogo njiani. Nafurahia mavuno ya Jilore, lakini nikikumbuka yametoka wapi furaha yenyewe inapungua.

Kuna la kuhofiwa pia. Mito ya Nairobi, na taka zake, humwagika Athi. Tope linaloleta zinki laweza kuleta risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, na kadimiamu hupanda mmea kwa njia zilezile zinazotumiwa na zinki. Tumeomba maabara ipime vyote viwili katika majani ya Jilore.

Julai

Majibu ya kwanza ya majani yamerudi. Nayaandika kwa utaratibu wa tunachokiamini.

La chuma kwanza, kwa sababu lina mtego. Tulipeleka majani ya aina mbili kutoka kila sehemu: yaliyooshwa vizuri kwa maji safi mara kadhaa, na yaliyochumwa na kukaushwa hivyohivyo. Yasiyooshwa yalionyesha chuma kingi mno, hasa ya mchanga mwekundu. Chuma hicho ni vumbi. Udongo mwekundu una kutu ya chuma, na vumbi kidogo tu juu ya jani linatosha kupotosha hesabu yote. Mtu akikuonyesha takwimu za chuma katika mboga, muulize kwanza kama mboga ilioshwa. Mwili hauwezi kutumia vumbi lile kama unavyotumia chuma cha ndani ya jani.

Zinki ndiyo iliyojibu swali letu. Katika shamba la mawe, kunde za sehemu ya samadi zilikuwa na zinki kuliko kunde za sehemu tupu, na zile zilizochanganywa na mahindi hazikuachwa nyuma. Jilore, zinki ilikuwa nzuri kila sehemu na samadi haikuongeza kitu kikubwa. Tope lenyewe lilikuwa limeshafanya kazi.

Magarini kulikuwa na jambo ambalo lazima lisomwe polepole. Majani ya sehemu tupu yalikuwa madogo, yamejikunja, mavuno haba, lakini gramu kwa gramu zinki yake haikuwa chini ya majani makubwa ya sehemu ya samadi. Anayetazama safu ya tarakimu tu atasema samadi haikusaidia. Mmea uliodumaa hukusanya madini yake kidogo katika jani dogo, na mmea uliostawi huyatawanya katika majani mengi. Chakula cha nyumba, hata hivyo, hakihesabiwi kwa gramu moja. Tuta la samadi lililisha familia wiki nyingi. Tuta tupu lilitoa sufuria chache. Kwa hiyo tumeamua kuripoti zinki kwa tuta zima pamoja na zinki kwa gramu, kila mara, bila kuacha moja.

Jambo dogo kutoka kwa jirani wa shamba la mawe, aliyeturuhusu kuchukua majani yake. Yeye hutia mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, kila msimu kwa wingi. Mchicha wake ni mkubwa kuliko wetu, na zinki yake ilikuwa chini kuliko zote tulizopima. Fosforasi ikizidi, mmea huacha kuwategemea kuvu wa mikoriza, na kuvu ndio waliokuwa wakileta zinki. Tulimpelekea majibu wenyewe, mkononi, tukakaa naye. Msimu ujao atapunguza DAP na kutia samadi upande mmoja wa shamba ili alinganishe.

Agosti

Katika baraza la kuwaeleza wanakijiji matokeo, mzee mmoja alisimama akasema chakula cha zamani kilikuwa na nguvu na cha leo ni maji, kwa sababu udongo umechoka. Wengi walipiga makofi. Nilimwambia, "Babu, nusu ya maneno yako yana ushahidi," na nikaomba nafasi ya kueleza nusu ya pili.

Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la ngano linaloitwa Broadbalk, limelimwa kwa majaribio tangu mwaka 1843, na wamehifadhi punje na udongo wa miaka yote hiyo. Watafiti walipozipima punje, zinki, chuma, shaba na magnesiamu vilikaa palepale hadi katikati ya miaka ya 1960, halafu vikashuka. Udongo haukuwa umepungukiwa. Kilichobadilika ni mbegu: zililetwa aina fupi zenye mavuno makubwa, na madini yaleyale yakagawanywa katika punje nyingi zaidi. Marekani, Donald Davis na wenzake walilinganisha mazao 43 ya bustani kati ya mwaka 1950 na 1999, wakaona kushuka kwa protini, kalsiamu, fosforasi, chuma na baadhi ya vitamini, na wao pia walielekeza kidole kwenye aina za mbegu. Udongo unaweza kuchoka, na wetu umechoka kwingi, lakini mbegu nayo ina sehemu yake. Anayetunza udongo kisha akapanda mbegu iliyochaguliwa kwa ukubwa tu amefanya nusu ya kazi.

Babu aliuliza kama basi tutafute mchicha wa zamani. Ndiyo, tutautafuta. Tutapima pia mchunga, ambao haulimwi na mtu, huota wenyewe pembezoni, na bado ndio mboga inayopendwa na Wagiriama wengi kwa uchungu wake.

Mwingine aliuliza kwa nini serikali isitie madini yote kwenye mbolea, tukapumzika. Finland ilifanya hivyo kwa seleni. Mwaka 1984 iliamua iongezwe kwenye mbolea za nchi nzima, na kiwango chake katika vyakula na katika damu za watu kikapanda. Ilifaa kwa nchi ambayo karibu kila mkulima hununua mbolea kutoka chanzo kimoja. Kwetu wengi hawanunui kabisa. Kwa aidini Kenya ilipita njia nyingine, ya kulazimisha chumvi ya kula itiwe aidini, na chumvi hiyo nyingi inakaushwa hapa jirani, Gongoni na Marereni. Chumvi ya bahari peke yake haina aidini ya kutosha. Kila upungufu una njia yake: aidini kwenye chumvi, zinki kupitia shambani na jikoni.

Septemba

Jikoni tumefanya mambo mepesi. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Ndimu ikamuliwe juu ya kunde wakati wa kula, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Tui la nazi libaki, maana mafuta yake husaidia mwili kuchukua vitamini A ya mchicha. Chai ingoje kwanza, isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma. Hili la chai limekuwa gumu kuliko yote.

Kwa vuli tumekubaliana hivi. Shamba la mawe halitiwi majivu tena. Majivu yote ya kikundi yatapelekwa Magarini kwa mkokoteni wa punda, na mkokoteni utarudi na samadi kutoka kwa wafugaji wa huko. Karanga na kunde za maweni zitapandwa na mahindi au mtama katikati, hakuna mstari utakaokaa peke yake. Sehemu moja ya mawe itapata mbolea yenye zinki pamoja na samadi, tuone kama ghala lilikuwa limefungwa tu au pia limepungua. Magarini tutafunika ardhi kwa majani makavu ya mnazi kabla mvua haijapiga. Jilore wameanza kupanda matete na migomba kando ya ukingo, wazuie tope lao lisiondoke.

Majibu ya risasi na kadimiamu bado hayajarudi. Yakifika nitayaandika hapa kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kina mama wa Jilore wanaendelea kuvuna na kulisha watoto, na wana haki ya kujua.